Mfa maji aliyenyamaza: siku ya familia yetu kwenye bwawa la umma Berlin

Baba Rehema (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimekuwa nikiahirisha kuandika uzi huu tangu Julai kwa sababu sehemu yake moja inanitia haya, lakini Mama Rehema amenikumbusha kwamba haya zangu hazimsaidii mzazi mwingine ambaye kesho atafungasha taulo na kuwapeleka watoto kuogelea katika nchi za watu.

Tunaishi Berlin kwa mwaka wa nne sasa. Mwanzoni mwa kiangazi jua la huku huzama karibu saa tatu na nusu usiku, nyumba nyingi hazina kiyoyozi, na joto likipita nyuzi 30 watu humiminika kwenye mabwawa ya wazi ambayo Wajerumani huyaita Freibad. Neno hilo lilinidanganya mwaka wa kwanza, kwa kuwa nilijua kwamba "frei" ni bure; kumbe hapa maana yake ni kuwa nje, chini ya anga, na tiketi inalipiwa kama kawaida.

Safari hii tulikuwa na mgeni. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pangani, na siku ya joto kali kuliko zote za ziara yake tulimchukua pamoja na Rehema, mwenye miaka tisa, na Salim, mwenye miaka sita. Bibi aliamka alfajiri akakaanga sambusa na maandazi ya kulisha kijiji. Chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa pale, na familia nyingi hula zikiwa zimekaa kwenye majani. Kinachokatazwa ni chupa za kioo, kwa sababu kila mtu anatembea peku.

Langoni tulionyesha vitambulisho. Utaratibu huo uliingia kwenye mabwawa ya kiangazi ya jiji hili Julai 2023, baada ya ugomvi wa vijana katika baadhi ya mabwawa, kwa hiyo anayekuja na mgeni asiache pasipoti nyumbani. Kabati la kufungia mizigo lilitaka sarafu, ambayo hurudi ukifungua, na sisi kama kawaida yetu tulikuwa na kadi tupu mfukoni. Kisha tukafika kwenye mabomba ya kuogea, na hapo Bibi alisimama akauliza: "Kwa hiyo tunaoga ili tukaogelee?" Nikamjibu kwamba ndivyo, na kwamba Kiswahili chenyewe kimelizaa neno la pili kutoka la kwanza. Alicheka, lakini alioga.

Najua wengi mtauliza kuhusu mavazi, kwa hiyo niyamalize mapema. Bibi na Mama Rehema walivaa mavazi ya kuogelea ya stara, yanayofunika mwili mzima, na hakuna aliyewauliza neno, maana yalikuwa ya kitambaa cha kuogelea na si nguo za kawaida. Wakati huohuo, tangu Machi 2023, mabwawa ya Berlin yameweka wazi kwamba mwanamke anaruhusiwa kuwa kifua wazi kama mwanamume, na siku ile walikuwapo wachache walioitumia ruhusa hiyo. Bibi aliwaona, akageuza kiti chake akaupa uwanja mgongo, na mazungumzo yakaendelea. Sikuona ugumu wowote zaidi ya huo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mabwawa yalikuwa manne. La watoto wachanga kina chake hakifiki goti la mtu mzima. Lingine ni la wasiojua kuogelea, ambalo kwa viwango vya Ujerumani kina chake hakizidi mita 1.35. La tatu ni la waogeleaji, urefu wake mita 50, na la nne ni la kurukia, lenye mnara wa zege ambao vijana hupanga foleni juu yake na wengine hushuka tena kwa ngazi huku wakichekwa. Tulikaa kando ya lile la wasiojua kuogelea, na kwa mawazo yangu jina lake lilikuwa dhamana: kama ni la wasiojua, basi asiyejua yuko salama. Sikulifanyia hesabu neno "mita 1.35" lililoandikwa ukingoni. Salim ana urefu wa mita 1.16.

Sakafu ya bwawa lile inateremka polepole. Upande mmoja maji yanamfika Salim kiunoni, na akitembea hatua kadhaa kuelekea upande wa pili yanamfika kifuani, kisha kidevuni, kisha hakuna tena cha kutembelea. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni, miguu ndani ya maji, hatua nne kutoka kwake, nikimwangalia. Nasema nikimwangalia, kwa kuwa hivyo ndivyo ningeapa mbele ya hakimu. Ukweli ni kwamba simu ilitikisika, nikasoma ujumbe mmoja wa kazini, nikaanza kuujibu.

Bibi, aliyekuwa amekaa nyuma yangu akimenya chungwa, akasema: "Mbona Salim amenyamaza?"

Niliinua kichwa. Mtoto alikuwa wima ndani ya maji, uso umeelekea juu, mdomo uko sawasawa na usawa wa maji, ukizama na kuibuka. Mikono ilikuwa imetanda pembeni, ikiyakandamiza maji taratibu kana kwamba anapanda ngazi isiyoonekana. Hakupiga kelele. Hakunyoosha mkono. Hakurusha tone la maji. Kama mita moja kutoka kwake walikuwapo watoto wengine wakirushiana mpira, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Niliruka nikamnyanyua, akakohoa, akatapika maji kidogo, kisha akalia, na kilio kile ndiyo sauti tamu kuliko zote nilizosikia mwaka huu.

Mlinzi wa bwawa alifika mbio kabla sijafika ukingoni. Hakunifokea. Alimchunguza Salim, akamkalisha kwenye taulo, akatuambia tumwangalie kwa saa zinazofuata, na akianza kupumua kwa shida, au kikohozi kisipokoma, au akilegea na kusinzia isivyo kawaida, tupige 112 bila kungoja. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele, na kwamba wao walinzi hufundishwa kumtafuta aliye kimya.

Tangu siku ile methali yetu inanisumbua. Tumelelewa tukiambiwa kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na mimi, bila kujua, nilikuwa nikingoja kutapatapa huko ndipo nishtuke. Naomba mawazo yenu, hasa wazazi mlio ugenini: mmewafundishaje watoto wenu, na mnawalindaje majini?

Mama Shufaa

Pole sana Baba Rehema, na umshukuru sana Bibi. Nimesoma mpaka chai imepoa kwenye kikombe.

Nichangie ya huku Ufaransa, kwa kuwa mtu anaweza kudhani Ulaya yote ina sheria moja. Kwenye mabwawa ya umma ya huku mume wangu alizuiwa mlangoni kwa sababu ya kaptura yake pana ya kuogelea. Wanaume wanatakiwa kuvaa chupi ya kuogelea inayobana, kwa hoja kwamba kaptura pana mtu huivaa hata mtaani na kuingia nayo ndani ya maji pamoja na uchafu wake. Alinunua hiyo ya kubana kwenye mashine palepale, na siku nzima hakutoka ndani ya maji kwa haya. Kofia ya kuogelea nayo ni lazima katika mabwawa mengi. Na yale mavazi ya stara aliyovaa Bibi yangerudishwa: mji wa Grenoble ulijaribu kuyaruhusu, na Juni 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaizuia ruhusa hiyo. Kwa hiyo kila anayesafiri asome kanuni za bwawa lenyewe kabla ya kuwaahidi watoto.

Ila nina swali moja kwa mleta uzi, na usinielewe vibaya: wewe mwenyewe unaogelea?

Mzee wa Pwani

Mleta uzi, pole kwa yaliyokufika, lakini naomba usiitie methali hatiani haraka hivyo. Wahenga wa Pwani waliishi na bahari, na walichokisema walikiona. Kutapatapa si lazima kuwe kelele. Mwanao alikuwa akikandamiza maji kwa mikono, akizama na kuibuka. Kama hiyo si kutapatapa, tuiteje? Kosa ni letu sisi tuliolichukua neno tukalipa picha ya mtu anayepiga mayowe na kurusha maji hadi mbinguni.

Na ipo methali nyingine ambayo hamkuitaja: mfa maji hukamata maji. Hiyo ina maana pana, lakini kwa wavuvi ni onyo la wazi. Anayezama hukamata chochote kilicho karibu, na kama kilicho karibu ni wewe uliyekwenda kumwokoa, mtazama wawili.

Mwokoaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya uokoaji majini kwa miaka mingi, hotelini na ufukweni, kwa hiyo naomba niwapatanishe mleta uzi na Mzee wa Pwani, maana wote wawili wamesema kweli kuhusu nyakati mbili tofauti.

Kuna mtu aliyechoka majini au aliyeshikwa na hofu, ambaye bado ana pumzi na nguvu. Huyo hupiga kelele, hupunga mkono, hurusha maji, na ukimtupia kamba anaweza kuishika. Anahitaji msaada wa haraka, lakini bado hajafika mwisho. Kisha kuna anayezama kwelikweli. Mdomo wake unakuwa juu ya maji kwa nukta chache tu, na nukta hizo hazitoshi kutoa pumzi, kuvuta nyingine na kupiga kelele. Mwili huchagua pumzi, na sauti ikakosa nafasi. Mikono nayo haipungi, kwa sababu mwili wenyewe, bila kuamriwa na mwenye nao, unaitumia kuyakandamiza maji ili kichwa kipande. Miguu haipigi. Mwokoaji mmoja wa Marekani, Frank Pia, aliyefanya kazi katika ufukwe wa Orchard Beach huko New York, alizichunguza picha za video za watu waliokuwa wakizama na kuieleza hali hii miaka ya 1970, na alikadiria kwamba mtu hubaki hivyo juu ya maji kwa sekunde 20 hadi 60 tu kabla hajatoweka. Mtoto mdogo yuko upande wa ile 20.

Sekunde 20, ndugu zangu, ni muda wa kusoma ujumbe mmoja na kuanza kuujibu.

Watoto wengi, zaidi ya hayo, hawapiti kabisa hatua ile ya kelele. Mtoto anayetembea kwenye sakafu inayoteremka, kama Salim, hapati muda wa kuogopa. Hatua moja anacheza, hatua inayofuata maji yako mdomoni. Ndiyo maana Bibi alishika jambo ambalo macho yako hayakulishika. Mtoto anayecheza majini ana kelele zake, na zikikatika, hiyo ndiyo ishara.

Kuhusu onyo la Mzee wa Pwani, naliunga mkono kwa mikono miwili. Kwenye kina kifupi, mtu mzima anayesimama chini amnyanyue mtoto mara moja kama alivyofanya mleta uzi. Kwenye kina kirefu, usimwendee anayezama mikono mitupu kama hukufundishwa. Mtupie kitu kinachoelea, mnyooshee fito, taulo, hata mguu wa kiti, huku wewe umelala kifudifudi ukingoni, na uite mlinzi. Na yale maboya ya upepo yanayovishwa watoto mikononi ni vya kuchezea tu. Hutoboka, huchomoka, na kubwa zaidi, humpa mzazi ujasiri wa kuangalia pembeni. Mtoto asiyejua kuogelea awe karibu nawe kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamgusa. Hatua nne ni mbali.

Fundi wa Maji

Nitoke kidogo upande wa uokoaji, kwa kuwa Bibi aliuliza swali zuri pale kwenye mabomba na mleta uzi akamjibu kwa sarufi badala ya sababu.

Ile harufu kali ambayo watu huiita harufu ya klorini, mara nyingi si ya klorini yenyewe. Klorini ikikutana na jasho na mkojo hutengeneza kemikali nyingine, ziitwazo kloramini, na hizo ndizo zinazonuka na kuwasha macho. Bwawa linalonuka sana, kwa hiyo, huenda ni bwawa ambalo watu wake hawakuoga, wala si bwawa lililotiwa dawa nyingi. Ujerumani ni kali hapa kwa sababu kiwango chake cha klorini huru kwenye bwawa la kawaida ni kidogo, miligramu 0.3 hadi 0.6 kwa lita, na kiwango kidogo namna hiyo hakiwezi kumudu jasho la watu elfu moja na mafuta yao ya kujikinga na jua. Kuoga kabla ya kuingia ni sehemu ya mtambo wa kusafishia maji, sawa na pampu na chujio la mchanga.

Mama Shufaa

Fundi, na ile rangi inayotokea mtu akikojoa majini, ni kweli? Mimi ndiyo silaha yangu kwa wanangu.

Fundi wa Maji

Hakuna rangi hiyo mama, lakini usiwaambie.

Baba Rehema (mleta uzi)

Nawashukuru wote. Mwokoaji Mstaafu, ile sentensi yako ya sekunde 20 nimeisoma mara nyingi na nimemsomea Mama Rehema, ambaye hakusema kitu, akaichukua tu simu yangu akaiweka kabatini. Mzee wa Pwani, nimeipa methali heshima yake.

Nimalizie siku yenyewe ilivyokwenda. Hatukuondoka palepale. Nilitaka kuondoka, lakini mlinzi alishauri kwamba Salim akishatulia, arudi majini kidogo akiwa mikononi mwangu, ili kumbukumbu ya mwisho ya maji isiwe ile. Tukasubiri saa nzima. Akala sambusa tatu, akala na viazi vya kukaanga vyenye tomato na mayonezi ambavyo kwa Wajerumani bwawa bila hivyo si bwawa, kisha akaniomba mwenyewe tuingie. Tuliingia kwenye kina cha kiunoni mwake, akaning'ang'ania shingoni kama kupe. Alasiri wingu jeusi likaja, radi ikasikika kwa mbali, filimbi ikapulizwa, na ndani ya dakika chache mamia ya watu walikuwa wametoka majini bila ubishi, kwa kuwa radi ikikaribia hakuna anayeruhusiwa kubaki ndani ya maji. Tukafungasha.

Baada ya hapo nilianza kutafuta darasa. Huku kuna beji ya kwanza ya watoto iitwayo Seepferdchen, yaani farasi mdogo wa baharini, na mama hushona nembo yake kwenye nguo ya kuogelea. Mtoto huruka kutoka ukingoni na kuogelea mita 25, huchukua kwa mikono kitu kilicho chini kwenye maji ya kufika mabegani mwake, na hujua kanuni za bwawa. Wazazi wengi huishia hapo na kusema mtoto anaogelea. Chama cha waokoaji cha Ujerumani, DLRG, kilichoanzishwa mwaka 1913 baada ya gati la mji wa pwani wa Binz kuporomoka mwaka uliotangulia na kuua watu zaidi ya kumi, kinasisitiza kwamba Seepferdchen ni mwanzo tu, na kwamba wa kuitwa mwogeleaji ni yule mwenye beji ya shaba: kuogelea kwa dakika 15 na katika muda huo kumaliza angalau mita 200, kupiga mbizi mita mbili kuokota kitu, na kuruka kutoka urefu wa mita moja. Utafiti walioutoa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 20 ya watoto wa shule za msingi hapa hawajui kuogelea, wakati mwaka 2017 walikuwa asilimia 10. Katikati palipita korona na mabwawa kufungwa, na foleni ya madarasa nimeionja mwenyewe: Salim aliandikishwa mwezi wa saba, akaanza mwezi wa kumi.

Na sasa swali la Mama Shufaa, ambalo nililiona na nikajifanya sikuliona. Hapana, siogelei. Nimekulia Morogoro, maji niliyoyajua ni ya ndoo na ya mvua. Siku ile nilimfikia Salim kwa sababu tu bwawa ni la mita 1.35 na mimi ni mrefu. Ningekuwa nimekaa ukingoni mwa bwawa la waogeleaji, uzi huu ungeandikwa na mtu mwingine.

Mama Shufaa

Nilihisi, shemeji. Mume wangu naye ni vivyo hivyo. Rehema je, yeye mkubwa?

Baba Rehema (mleta uzi)

Rehema alifundishwa shuleni akiwa darasa la tatu, na beji ya shaba anayo. Ndiye anayenicheka. Bibi, siku moja kabla ya kurudi Pangani, alinikalisha sebuleni akaniuliza kama nitaendelea kumtegemea mtoto wa miaka tisa aniokoe, na akasema hatapanda ndege mpaka apate jibu. Kwa hiyo kila Jumanne saa mbili usiku nipo kwenye bwawa la ndani, darasa la watu wazima, tuko saba, nimekumbatia ubao wa povu wa rangi ya bluu na kutoa mapovu kwa pua. Wiki iliyopita nilifika mita 11.